Beringi Isiyo Yetu

Siku ile tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kiume anayenifuata, mdogo wetu wa mwisho ambaye ni wa kike, na baba yetu mdogo aliyekuwa anaendesha trekta. Jua lilipoanza kushuka akatokea mzee mmoja na ng'ombe wake wawili wa kukokota, na mmoja wa ng'ombe hao alikuwa na pembe moja. Namtaja hata ng'ombe kwa sababu kwa miaka mingi nimekuwa nikiwauliza watu habari za siku ile, na huyo ng'ombe ndiye pekee ambaye kuna mtu amewahi kuniambia alimwona baada ya siku ile. Waliotupita barabarani siwahesabu. Walikuwa wengi, lakini walikuwa wanakimbilia dhahabu na hakuna aliyepunguza mwendo.

Halafu kulikuwa na tela, na bila tela hilo tusingekuwa pale. Lilikuwa tela la kambi, kuukuu, la aina waliyokuwa wakilalia watalii porini. Ukifungua ubavu wa kushoto unakuta jiko na droo za vyombo. Ukikunjua turubai la juu unapata chumba chenye vitanda viwili vya mbao na dirisha la wavu. Baba alikuwa mpishi katika kambi moja ndogo karibu na lango la Ikoma. Kambi ilipofungwa, wenyewe waliondoka na magari yaliyokuwa mazima, na tela wakamwachia baba kwa kuwa hapakubaki gari la kulivuta. Alilisukuma na majirani mpaka nyumbani, akaliegesha nyuma ya banda la mbuzi, sisi tukapata mahali pa kuchezea.

Baba hakuwa fundi. Alichojua kuhusu tela ni magurudumu tu, na hicho alikijua kwa sababu dereva wa kambi alikuwa akimwita amshikie tochi. Kila mwaka masika yakiisha aliniita mimi, mtoto wake mkubwa.

“Tela halina injini,” aliniambia. “Halina cha kufa ila hapa.”

Alilipiga jeki, akatoa gurudumu, akang'oa kikofia cha chuma kilicho katikati. Ndani mna nati, na nati imezuiwa na kotapini isijifungue. Nyuma ya nati ndipo inapokaa beringi, duara la chuma lenye vyuma vidogo vilivyopangwa kwa mzunguko, kama vipande vya chaki. Kila gurudumu lina mbili, ya nje na ya ndani, nazo zinakaa ndani ya kitovu cha gurudumu ambacho mafundi wanakiita habu. Tuliziosha kwa mafuta ya taa mpaka kila chuma kikaonekana, tukazianika juu ya gunia safi. Kisha baba alichota bonge la grisi, akaliweka kwenye kiganja cha kushoto, na kwa mkono wa kulia akawa anaikandamizia beringi kwenye lile bonge, kidogo kidogo, mpaka grisi itokeze upande wa pili.

“Isipotokeza, haijashiba,” alisema. “Usiirudishe ikiwa na njaa.”

Mwisho alikaza nati huku anazungusha gurudumu, halafu akailegeza kidogo sana. Ukikaza mno inaungua. Ukilegeza mno gurudumu linacheza.

Na kulikuwa na kiganja. Mara chache baba aliomba trekta, tela likavutwa kwenda kupikia kwenye harusi Mugumu au Nyambureti. Kila tuliposimama njiani alishuka akaweka kiganja juu ya habu, kama mama anavyompima mtoto homa. Habu ikiwa vuguvugu, twende. Kama mkono hauvumilii kukaa pale, tusimame. Nami nilijifunza kuweka kiganja changu baada ya chake, na mpaka leo nikipita karibu na gari lililosimama mkono wangu unataka kwenda huko.

Baba alikufa kwanza. Mama alimfuata nikiwa darasa la sita, na sikurudi tena shuleni.

Siku ya kumaliza matanga ya mama walichinja ng'ombe, na watu walipokwisha kula ukoo ukakaa kikao. Sisi watatu tuliwekwa kwenye mkeka mmoja mbele yao. Shangazi yetu aliyeolewa ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, alisema atamchukua mdogo wetu wa mwisho. Baba mkubwa alisema mvulana atakuja kwake kuchunga. Kuhusu mimi walitazamana tu, nikaelewa kwamba mahari yangu ilishazungumzwa jikoni. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa ameshika kidole changu, akakibana mpaka kikafa ganzi.

Nikasema, “Nitakaa nao mimi.”

“Wapi?” akauliza baba mkubwa. “Nyumba hii ni ya ukoo.”

“Kwenye tela.”

Watu walicheka. Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. “Yaani watoto wa kaka yangu walale kwenye gari kama magunia ya mihogo?”

“Wazungu walilala humo, shangazi.”

“Wazungu walikuwa na kwao pa kurudi!”

Baba mdogo ndiye aliyeniokoa, na labda alifanya hivyo kwa kuwa alipenda utani kuliko kikao. Alisema yeye mwenyewe atatuvuta. Kulikuwa na machimbo mapya yaliyolipuka karibu na mto Mara, mpakani mwa Serengeti na Tarime, watu walikuwa wanamiminika huko kama siafu, na wote walihitaji kula. Tela lilikuwa na jiko na mimi nilikuwa nimefundishwa kupika na mpishi. “Mwacheni ajaribu,” alisema. “Akichoka atarudi.”

Baba mkubwa alifikiri, halafu akanyoosha kidole. “Haya. Mtakaa pamoja kwa muda wote ambao tela litakuwa nanyi. Siku tela likiwashinda, kila mtu anakwenda alikopangiwa. Sitaki tena kilio.”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nyumba yetu ilisimama juu ya magurudumu mawili, na magurudumu hayo yalisimama juu ya beringi nne. Sikulala vizuri tena.

Asubuhi ya pili nilifungua magurudumu kama baba alivyonifundisha. Grisi ya zamani ilikuwa imekuwa nyeusi na ngumu kama lami, maana mwaka ule baba akiwa mgonjwa hatukufungua. Nikaosha beringi zote nne kwa mafuta ya taa, nikazianika. Kisha nikamtuma mdogo wangu wa kiume aende Mugumu kutafuta grisi, akarudi mikono mitupu. Wenye karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, walikuwa wamenunua grisi yote iliyokuwa madukani, pamoja na mabaki ya kwenye gereji. Muuza vipuri mmoja, mzee wa Kiislamu mwenye asili ya pwani, alimwambia asubiri mzigo kutoka Musoma, na hajui utafika lini.

Lakini trekta halikuwa la baba mdogo. Lilikuwa la mwajiri wake, na lilitakiwa lirudi keshokutwa yake alfajiri.

“Kwani marehemu kaka alikuwa anapaka nini kwenye mkokoteni wake?” baba mdogo akauliza.

Nilikumbuka. Zamani, kabla ya kambi, baba alikuwa na mkokoteni wa ng'ombe. Kwetu ng'ombe akichinjwa, mafuta yake ya tumboni yaliyeyushwa yakawekwa kwenye chungu, na sehemu yake ilikuwa ya mkokoteni. Kila mtu alifanya hivyo. Ekseli ya mkokoteni ule ilikuwa nondo nene iliyozunguka ndani ya mti, na mafuta yaliinyamazisha vizuri.

“Mafuta ya ng'ombe wa matanga yapo chungu kizima,” akasema. “Mama yenu mwenyewe ndiye anawapeleka.”

Neno hilo lilinishika. Niliyachota yakiwa yameganda, meupe, nikayakandamizia kwenye beringi kiganjani mpaka yakatokeza upande wa pili. Yalitokeza vizuri kuliko grisi. Nikakaza nati, nikailegeza kidogo, nikapachika kotapini. Gurudumu lilizunguka bila sauti yoyote. Mdogo wetu wa mwisho alipiga makofi.

Tuliondoka Ikoma asubuhi iliyofuata, wadogo zangu wamekaa ndani ya tela juu ya magunia ya unga, mimi nimesimama kwenye trekta nyuma ya baba mdogo, nimeshika madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, huku macho yangu yakitazama nyuma. Tulipita Mugumu bila kusimama. Tulipofika Nyambureti baba mdogo alisimama kunywa uji kwa mtu anayemfahamu, nikashuka kuweka kiganja. Gurudumu la kulia lilikuwa vuguvugu. La kushoto lilikuwa na joto zaidi, na kwenye rimu palikuwa na michirizi inayong'aa, kama machozi yaliyokauka shavuni.

“Linatoa jasho,” nikamwambia.

“Hata mimi natoa jasho,” akajibu. “Panda.”

Tulipofika kijiji cha Machochwe sikuweza kuuacha mkono pale. Niliuondoa kama mtu aliyegusa sufuria. Baba mdogo alikuja, akagusa kwa ncha ya kidole, akasonya. Alichukua dumu la maji akaimwagia habu, maji yakachemka yakapanda mvuke. Mdogo wangu wa kiume aliuliza kama maji hayo hayataingia ndani.

“Mura, wewe ni fundi tangu lini?” akacheka baba mdogo, akimwita kijana kwa Kikurya. Lakini kicheko chake kilikuwa kifupi, na alipopanda trekta aliangalia jua kwanza.

Baada ya Machochwe barabara inakaribia mpaka wa hifadhi. Nyumba zinapungua, nyasi zinakuwa ndefu, na upande wa kulia hakuna tena shamba la mtu. Wenyeji wa pale wakishapeleka ng'ombe zizini, hawarudi tena barabarani. Nilianza kusikia mlio mwembamba, kama mtoto analia mbali. Niliomba iwe ndege. Kisha ukawa mlio wa chuma juu ya chuma, ukafuata moshi, na nikaona gurudumu la kushoto limeegemea ndani kama mguu uliovunjika. Nilimpiga baba mdogo mgongoni kwa ngumi mbili.

Wadogo zangu walishuka wenyewe kabla sijawafikia. Mdogo wetu wa mwisho hakulia. Alisimama amejishika masikio, maana mlio ule bado ulikuwa ndani ya kichwa chake.

Tulilipiga jeki. Habu tuliishika kwa gunia lililolowa. Nilipong'oa kikofia, mafuta hayakuwamo. Yalikuwa yameyeyuka yote yakatoka kwa nyuma, na kilichobaki kilikuwa kimeungua kikawa kama masizi ya kikaango. Beringi ya nje ilitoka vipande vipande. Vile vyuma vidogo viliniangukia mkononi, vya bluu kwa moto, vingine vimepasuka. Ya ndani ilikuwa imekauka lakini ilikuwa nzima. Nilivikusanya vile vipande vyote kwenye upande wa khanga yangu, sijui kwa nini, kama kwamba kuna mtu angeweza kuvipanga upya.

Na ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya nyama choma. Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda upande wa hifadhi, na mafuta ya ng'ombe wa mama yetu yalikuwa yanakwenda nao.

Tulisimamisha kila kilichopita. Kwanza pikipiki mbili zenye masururu na karai zilizofungwa nyuma. Halafu lori limejaa vijana waliokaa hata juu ya kichwa chake.

“Dada, hiyo hoteli inafunguliwa saa ngapi?” mmoja akapiga kelele.

“Tusaidieni beringi!” nikaita.

“Pika kwanza, tunasikia harufu!”

Wakacheka wakapotea kwenye vumbi. Baada ya lori hilo barabara ikanyamaza. Simu ya baba mdogo ilikuwa haina mtandao tangu Machochwe.

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyewaona. Alinivuta nguo. Upande wa kulia, pale nyasi fupi zinapoanza, walisimama fisi watatu. Jua lilikuwa bado lipo. Hawakuwa wanakuja wala kuondoka. Walinyanyua pua, wakakaa chini kama mbwa wa nyumbani wanaosubiri watu wamalize kula. Tulipowatazama tena walikuwa watano.

Baba mdogo alimnyanyua mdogo wetu wa mwisho akamkalisha juu ya madigadi ya trekta. “Tunafungua tela,” alisema. Sauti yake haikuwa na utani. “Tunaliacha hapa, tunarudi Machochwe wote wanne kabla ya giza.”

“Na asubuhi?”

“Asubuhi sijui. Asubuhi trekta liwe limerudi kwa mwenyewe.”

“Wataling'oa lote. Barabara hii imejaa wachimbaji. Asubuhi hatutakuta hata droo.”

“Basi wataling'oa. Wewe unataka nini, binti? Unataka niwaambie ukoo kwamba niliwaacha watoto wa kaka porini kwa sababu ya tela?”

“Ukiliacha, shangazi anamchukua huyu. Unajua.”

“Akimchukua atakuwa hai!”

Nilikaa chini kwenye mkono wa tela, juu ya ile pini inayouunganisha na trekta, ili asiweze kuichomoa bila kuninyanyua kwanza. Nilitaka kwenda haja ndogo. Watu wanaosimulia habari zangu husema kwamba siku ile sikuogopa. Niliogopa mpaka meno yakauma. Nilijua kwamba akiniambia tena mara moja tu, kwa upole, nitanyanyuka, nitapanda trekta, na pale Machochwe sisi watatu tutakuwa tumekwisha kuwa watoto wa nyumba tatu. Nilikuwa namwangalia mdomo wake.

Hakuniambia. Aligeuka, kwa kuwa mkokoteni ulikuwa unakuja kutoka upande wa mto.

Ng'ombe walikuwa wawili, wenye nundu kubwa, na walipofika mbele yetu walikataa kupita. Walinusa, wakapanua macho, wakaanza kurudi nyuma na mkokoteni wao uliojaa kuni. Mzee aliyekuwa anawaongoza aliwatuliza kwa Kikurya, akashuka. Alikuwa mwembamba, amevaa koti la mvua ingawa hapakuwa na mvua.

“Shikamoo mzee,” tukasema wote, hata baba mdogo.

“Marahaba, marahaba. Nani anaoa hapa?”

Tulimtazama.

“Nauliza nani anaoa,” akarudia. “Mnanukia harusi, na wageni wenu wameshafika wamekaa kule.” Akaelekeza fimbo kwa fisi bila hata kuwatazama. Kisha akainama kwenye habu, akapitisha kidole, akanusa. “Mafuta ya ng'ombe.”

“Ya matanga ya mama yao,” akasema baba mdogo, kama mtu anayejitetea.

“Mafuta haya ni ya mti, kijana. Chuma cha gari kinayanywa, kinalewa, kinakufa.” Alinyoosha mkono kwangu. “Hebu nione hivyo ulivyofunga kwenye khanga.”

Nikamwonyesha vile vipande. Alivigeuza kwenye kiganja chake, akachagua kilicho kizima kuliko vingine, akaenda nacho kwenye mkokoteni wake, akachuchumaa kando ya gurudumu. Mkokoteni wake haukuwa wa nondo na mti. Ulikuwa umewekewa ekseli iliyotolewa kwenye gari bovu la porini, aina ile ile ya magari ya kambi, na nilipoona umbo la kikofia chake nilijua kabla hajasema. Kilikuwa sawa na chetu, kwa hiyo beringi yake ingeingia kwetu.

“Leteni jeki,” akasema.

“Mzee, na wewe?” nikauliza.

“Mimi nina miguu, na hawa wana miguu. Ninyi mna nini?” Akamtazama mdogo wetu wa mwisho pale juu ya madigadi, aliyekuwa bado ameshika masikio. “Huyu mtoto wa nani?”

“Wa kwangu,” nikasema. Sijui kwa nini sikusema mdogo wangu.

“Na hilo tela ndiyo nyumba yenu?”

“Ndiyo, mzee.”

Hakuuliza tena. Alifungua gurudumu lake yeye mwenyewe, haraka, na baba mdogo akiwa anarusha mawe kuelekea kwenye nyasi. Fisi walisogea nyuma kila jiwe lilipoanguka, halafu wakarudi palepale. Mzee alitoa beringi yake ya nje, nyeusi kwa grisi nzuri. Kisha akachukua pembe iliyoning'inia ubavuni mwa mkokoteni, iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Ndani mlikuwa na grisi. Pembe hiyo ilikuwa ya ng'ombe wake mwenyewe, yule aliyebaki na moja.

“Alivunja akipigana,” akasema aliponiona naangalia. “Mjinga sana. Lakini ana nguvu.”

Nilitandaza kiganja cha kushoto, mzee akanichotea bonge. Nilianza na beringi ya ndani. Mara mbili niliidondosha kwenye gunia. Fisi mmoja alicheka, kile kicheko chao, na baba mdogo akasema, “Fanya haraka, fanya haraka,” mpaka mzee akamwambia anyamaze, kazi hii haina haraka. Nilikandamiza mpaka ikatokeza upande wa pili. Halafu ile ya mzee. Grisi iliyobaki tuliipeleka kwenye gurudumu la kulia, ambalo beringi zake zilikuwa bado nzima, tukafuta mafuta ya ng'ombe kwa majani, tukazishibisha vilevile. Nilikaza nati, nikailegeza kidogo. Mzee alilitikisa gurudumu kwa mikono miwili, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa.

Mkokoteni wake ulikuwa umelala ubavu mmoja juu ya jiwe, kuni zimemwagika. Alikuwa anawafungua ng'ombe nira.

“Mzee, panda twende wote,” nikamwambia.

“Na hawa niwaachie nani? Wale?” Akacheka. “Boma langu lipo nyuma ya kilima kile. Nitafika.”

Kilima alichoonyesha kilionekana mbali kuliko sauti yake ilivyosema, na jua lilikuwa limekwisha gusa nyasi.

“Nitakulipa nini?”

“Beringi,” akajibu, kama vile nimemuuliza jambo la kipumbavu. “Umechukua beringi, rudisha beringi. Ukifika Machochwe uliza mwenye ng'ombe wa pembe moja.”

Baba mdogo alishawasha trekta. Niliwapandisha wadogo zangu, nikasimama nyuma kama mwanzo, nikatazama nyuma. Mzee alikuwa anatembea katikati ya ng'ombe wake wawili, mkono mmoja juu ya shingo ya kila mmoja, koti lake la mvua linapepea. Fisi hawakutufuata sisi. Tela letu halikuwa linanuka tena. Nilitazama mpaka barabara ilipokata kona, na kabla ya kona ile niliona nyasi za upande wa hifadhi ziko tupu. Hapakuwa na fisi hata mmoja pale walipokuwa wamekaa.

Nilimwambia baba mdogo arudi. Hakunisikia kwa ngurumo ya trekta, au alinisikia.

Tulifika machimboni. Habu ilikuwa vuguvugu. Kesho yake nilipika uji, na siku zilizofuata ugali na maharage, na watu walewale wa kwenye lori walikuja kula wakidai wananifahamu. Mdogo wangu wa kiume alichota maji. Mdogo wetu wa mwisho alilala nami kwenye kitanda kimoja, akiwa na mguu wake juu ya tumbo langu, na kila fisi walipolia upande wa mto nilihesabu miguu yetu yote gizani. Shangazi alikuja mara moja kutoka ng'ambo kutuangalia. Alilizunguka tela, akapiga teke gurudumu, akasema, “Kumbe linasimama.” Alikula, akaondoka.

Mzigo wa grisi na vipuri ulipofika Mugumu niliagiza beringi mpya, ikaja ndani ya karatasi yake, na nikapanda lori kurudi Machochwe. Njiani niliomba nishushwe pale tulipoharibikiwa. Mkokoteni haukuwepo tena; magurudumu yalishachukuliwa, na mbao, na ekseli. Vilibaki vipande vya kuni na lile jiwe. Nilitafuta kwenye nyasi nikiwa sijui natafuta nini, nikiomba nisikipate. Sikukuta kitu. Mvua zilikuwa zimenyesha tangu siku ile.

Nyuma ya kilima palikuwa na boma, na uzio wake wa miiba ulikuwa wazi. Majivu yalikuwa ya zamani. Pale Machochwe nilimuuliza kila mtu kuhusu mwenye ng'ombe wa pembe moja. Mama mmoja aliniambia mzee huyo amehamia kwa wanawe Kenya. Kijana mmoja akasema hapana, amekwenda kuchimba kama wote. Mwingine akaniuliza, “Mzee gani? Siku hizi wanakuja, wanaondoka, nani anajua majina?” Nami sikujua jina. Sikuuliza. Mnadani Mugumu, baadaye sana, mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe alisema amewahi kumwona ng'ombe mkubwa wa pembe moja akiuzwa Sirari na mtu ambaye si mzee. Aliniambia hivyo akidhani ananipa habari njema. Nilikaa chini palepale kwenye mavi ya ng'ombe.

Nimekwenda mpaka Sirari. Nimekwenda ng'ambo kwa shangazi, nikamwomba aulizie kwenye masoko yao, naye aliulizia kweli. Bado naulizia.

Machimbo yale yalikauka watu wakahamia mengine, sisi tukahamia nayo, wote watatu, mpaka mdogo wetu wa mwisho alipomaliza shule Tarime, akiwa anatokea kwenye kitanda kilekile. Tela sasa limeegeshwa uani kwangu. Mdogo wangu wa kiume ni dereva wa lori, na ndiye anayeliinua kwa jeki kila masika yakiisha. Ile beringi ya mzee ilifanya kazi miaka, ikachakaa kama zote, nikaiweka pembeni.

Ile mpya niliyomnunulia mzee haijawahi kuingia kwenye gurudumu lolote. Ipo kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati. Kila masika naitoa, naiosha kwa mafuta ya taa, naikausha, naishibisha grisi upya mpaka itokeze, naifunga kwenye kitambaa. Mwaka huu beringi ya gurudumu la kulia ilikuwa imeanza kupiga kelele, na duka lilikuwa limefungwa. Mdogo wangu alitoka uani akiwa na mikono myeusi.

“Dada, nipe ile ya kwenye kopo. Kesho tunanunua nyingine tunairudisha.”

“Subiri duka lifunguliwe.”

“Imekaa bure miaka yote hii.”

“Si yetu,” nikamwambia.

Alirudi uani kulishusha tela kwenye jeki.